Waliofia Veenhuizen wana majina

Katika familia nyingi za Kiholanzi yupo babu asiyezungumzwa. Kwa wakwe zangu naye yupo: mzaliwa wa Amsterdam aliyefia Veenhuizen, kijiji cha kaskazini mwa Uholanzi ambako maskini walifungiwa. Mama mkwe wangu ni kilembwe chake, na tangu utotoni aliambiwa tu kwamba mzee yule "alihamia kaskazini". Ukweli ni kwamba alikamatwa akiomba barabarani, akapelekwa huko kwa nguvu.

Mwaka 1818 Jenerali Johannes van den Bosch alianzisha chama cha hisani cha kuwatoa maskini mijini wakalime katika ardhi duni ya jimbo la Drenthe, kaskazini. Huko Frederiksoord familia zilipewa nyumba na kipande cha shamba. Ommerschans na Veenhuizen kulikuwa na mambo mengine: majumba makubwa ya kuwafungia ombaomba, wazururaji, hata watoto yatima. Kuomba kulikuwa kosa la jinai, kwa hiyo njaa yenyewe ilitosha kukufikisha kizuizini. Van den Bosch huyohuyo, alipotumwa Java, kisiwa cha Indonesia ya leo kilichotawaliwa na Uholanzi, mwaka 1830, ndiye aliyewalazimisha wakulima wa huko kulima kahawa, miwa na nili kwa faida ya Uholanzi. Mimi sioni ajabu hata kidogo.

Anayetafuta ndugu wa aina hii aanze na cheti cha kifo. Ukiona mtu wa Amsterdam au Rotterdam, wa karne ya 19, amefia wilaya ya Norg, shtuka: Veenhuizen ilikuwa chini ya Norg. Kisha nenda kwenye nyaraka za Drenthe zilizohifadhiwa Assen, mji mkuu wa jimbo hilo. Majina mengi unaweza kuyatafuta kwenye intaneti. Humo kwenye madaftari utakuta urefu wa mtu, paji la uso, macho, pua, kidevu, kovu kama analo. Karani aliyaandika hayo ili akitoroka atambulike. Kwa maskini ambaye hakuwahi kupigwa picha, hiyo ndiyo sura pekee iliyobaki, na mama mkwe aliposomewa ile safu ya kidevu alijishika cha kwake.

Kinachoniudhi ni wanaochora ukoo wakifika hapo wanaruka, au wanaandika "mhalifu". Makaburi mengi ya waliofungwa Veenhuizen hayana jina. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka Veenhuizen kwenye Urithi wa Dunia, pamoja na Frederiksoord na makazi mengine ya maskini ya aina hiyo, Wilhelminaoord na Wortel ya Ubelgiji, na watalii wanayasifu majengo. Sawa, wayasifu. Ila aliyelala pale bila jiwe ana haki ya kutajwa na damu yake mwenyewe.

Mama mkwe alipendelea tuandike "kibarua" tu, yaishe. Tulibishana jioni nzima, kwa heshima. Mwishowe alikubali maneno haya: kibarua, alikamatwa kwa kuomba, akafia kizuizini Veenhuizen. Wajukuu zake wameshayasoma, na mkubwa wao anataka tumtafute na mke wa mzee huyo, ambaye baada ya mumewe kuchukuliwa hatujaona popote alipoandikwa.