Mbegu tunachagua kwa suke, mizizi nani anaiangalia?

Ingia duka lolote la pembejeo hapa Tabora mjini mwezi wa kumi uulizie mbegu, utaambiwa inakomaa siku ngapi na inatoa gunia ngapi kwa eka, basi. Mizizi yake inashuka mpaka wapi? Muuzaji hajui na paketi haisemi. Kwa sisi tunaolima kwenye kichanga naona hilo ndo swali la kwanza kabisa.

Chukua ngano. Najua mtasema Tabora na ngano wapi na wapi, sisi tunakutana nayo kwenye chapati tu, inalimwa huko Hanang na Karatu na Makete na nyingine kibao inakuja na meli, sawa, ila ngano ni zao ambalo watu walijipa shida ya kuchimba mizizi na kuipima.

Ngano za zamani zilikuwa ndefu, ukizipa mbolea nyingi zinanenepa masuke zinalala chini. Wajapani walikuwa na ngano fupi inaitwa Norin 10, ya mwaka 1935, mbegu zake zikafika Marekani 1946, halafu Norman Borlaug, Mmarekani mtafiti wa mbegu, akaichanganya na ngano zake kule Mexico, India na Pakistan wakavuna hadi wakashangaa, jamaa akapewa Nobel ya amani 1970. Mi simlaumu hata kidogo, watu walikula. Ila mbegu za namna hiyo zilichaguliwa kwenye mashamba yenye mbolea na maji, na mmea unaoletewa kila kitu mlangoni hata ukiwa na mizizi kiduchu utafaulu tu mtihani. Mwaka 2007 watafiti wawili wa California, Waines na Ehdaie, waliandika kwamba ngano nyingi za mapinduzi yale ya mbegu fupi (wanayaita mapinduzi ya kijani) zina mizizi midogo kuliko zile za kienyeji. Sio kwamba ufupi wenyewe ndo lazima ukate mizizi, hapo vipimo vinagongana, shida ni kwamba mizizi haikuwa kwenye orodha ya vitu vya kuangalia.

Na tofauti zilikuwepo nyingi tu: mizizi inayoshuka wima, inayotambaa, yenye vinyweleo vingi, michache, mingi. Kuna Mwingereza anaitwa Watkins, miaka ya 1920 na 1930 alikusanya ngano za wakulima kutoka nchi 32, zimebaki aina 827, na 2024 walipozisoma jeni wakakuta makundi 7 ya ukoo, ngano za kisasa zimetokea kwenye 2 tu. Matano yapo stoo.

Sasa usikimbilie kusema mizizi mirefu ndo mizuri siku zote, fosforasi inakaa juu karibu na uso wa udongo, wenye mizizi ya juu wanaifaidi, ila maji na naitrojeni vinazama. Australia walipima wakakuta milimita 10 tu za maji ya chini kabisa, ngano ikizipata wakati wa kujaza punje, zinaongeza karibu kilo 600 kwa hekta. Yaani gunia mbili na nusu kwa eka kutokana na maji ambayo hapa kwetu ni mvua ya muda mfupi tu mchana mmoja!

Kichanga chetu cha Uyui na Sikonge hakishiki maji, mvua ikikata katikati ya msimu unyevu uko chini na mahindi yanakunja majani juu. Niling'oa shina moja lililoangushwa na upepo, mizizi imeshuka kama kiganja hivi ikakata kona kama imegonga sakafu, kumbe ni pale plau ya ng'ombe inapoishia kila mwaka. Hapo hata mbegu ya bei gani haikusaidii.

Kwa hiyo watu wa utafiti pale Tumbi, tunaomba mbegu zipimwe mizizi kwenye kichanga cha mkulima asiye na mbolea. Na wewe mwenye mtama wa kienyeji kwenye kihenge cha bibi usiutupe, najua unazaa kidogo, panda hata matuta mawili pembeni ya mbegu ya dukani, ikianza kuchanua chimba shina mojamoja na udongo wake, loweka kwenye ndoo mpaka udongo uachie wenyewe (ukivuta unakata), suuza, weka pamoja upige picha. Ziwekeni hapo chini kwenye komenti na mtaje kijiji, nataka kuona za Urambo hasa.