Mtoto wa Mkulima na Mbegu za Mei

Mbegu ya mahindi ikifika Garashi, wadi ya Magarini katika kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, katikati ya Mei, imeshachelewa. Mvua ya mwaka huku huanza mwisho wa Machi au mwanzo wa Aprili, na mwenye konde hamngoji mheshimiwa. Amekwisha kupanda punje alizobakisha uchagani tangu mavuno yaliyopita. Pakiti za msaada zimepakwa dawa ya rangi, kwa hiyo haziliwi. Ama ataziuza kwa bei ya kutupa, ama ataziweka hadi vuli, na joto la pwani pamoja na unyevu vitakuwa vimeua sehemu yake kabla hazijaona udongo. Akizipanda hivyo hivyo kwa kuchelewa, mahindi yatatoa mbelewele katikati ya Julai mvua ikiwa inakatika, na viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017, hupenda sana shamba lililochelewa. Mavuno yake ni magunzi.

Aliyezigawa, mara nyingi, ndiye aliyesimama jukwaani akasema yeye ni mtoto wa mkulima, jembe halimtishi. Malindi na Magarini maneno hayo hayakosekani kila uchaguzi, na 2027 yatarudi. Je, asili hiyo ina uzito wowote katika kazi ya siasa?

Jina lenyewe lilivuma zaidi Tanzania. Mizengo Pinda, Waziri Mkuu tangu Februari 2008 hadi Novemba 2015, alijiita mtoto wa mkulima mpaka likamganda. Ukiifuata safari yake, jembe halionekani sana. Alisomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mwanasheria wa serikali, akafanya kazi Ikulu miaka mingi, akaingia bungeni mwaka 2000, akapitia wizara inayosimamia serikali za mitaa, ndipo akapanda. Hiyo ni safari ya mtu wa ofisi, na haina aibu.

Akiwa Waziri Mkuu, mwaka 2009, ilitangazwa Kilimo Kwanza, azimio la kuinua kilimo nchini Tanzania. Halmashauri zikahimizwa kununua pawatila, zile trekta ndogo za kuongozwa kwa mikono. Kwenye majaruba ya mpunga zilifaa. Kwenye udongo mgumu nyingi zililala uani. Vocha za pembejeo za miaka ile zilikusudiwa kumpa mkulima mbegu na mbolea za ekari moja kwa karibu nusu ya bei, nusu nyingine atoe mwenyewe. Hapo ndipo mpango ulipovujia. Wapo waliosaini vocha, wakapokea vijisenti kutoka kwa wakala, na mbolea isifike shambani. Watetezi wa Pinda husema serikali yake ilikipa kilimo sauti ambayo hakikuwa nayo, na ni kweli. Lakini aliyekulia shambani anajua kwamba msimu wa kupanda ndio msimu wa ukata. Ghala limekauka, karo imelipwa Januari, mfukoni hamna kitu. Kumtaka mtu huyo atoe nusu ya bei ndani ya wiki mbili ni kumsukuma aiuze vocha. Ujuzi wa utotoni ulikuwapo kileleni mwa serikali. Kwenye karatasi ya mpango haukuandikwa.

Hili ndilo la kupimwa kwa mgombea yeyote. Asili humpa mtu macho. Anajua tofauti ya mchanga wa Ganda na udongo mweusi wa kingo za mto Sabaki. Haambiwi na afisa kwamba jembe la trekta huvunjika kwenye konde lenye visiki vya minazi. Pia ana haya. Shangazi yake bado analima Kakuyuni, na msibani ataulizwa mbegu zilikwenda wapi. Haya ya namna hiyo ni uwajibikaji wa bei nafuu kuliko tume yoyote, na wanaoidharau asili ya mgombea huisahau.

Ila macho hayasogezi zabuni. Twende kwenye tarehe zenyewe. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, taarifa ya mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na matumizi yapitishwe kabla ya 30 Juni. Sasa hesabu kwa kurudi nyuma. Mkulima wa Marafa anatakiwa awe na mbegu mkononi kufikia katikati ya Machi, basi ziwe kwenye ghala la wadi mwisho wa Februari na mkataba uwe umetiwa saini Januari. Sheria ya ununuzi ya 2015 inataka siku 14 zipite baina ya kumjulisha mshindi na kutia saini, na inaruhusu hadi siku 30 za kutathmini zabuni. Mshindani aliyekataliwa akienda kwenye bodi ya rufaa, ongeza siku nyingine 21 za kesi. Tangazo la zabuni likitoka Januari, kama inavyotokea, Mei haikwepeki hata kila mtu akifanya kazi yake kwa uaminifu. Inabidi litoke Oktoba, Novemba ikizidi sana. Na kwa kuwa Hazina Kuu ina mazoea ya kuchelewesha mgao wa kaunti, mbegu ziwekwe miongoni mwa malipo ya kwanza, zisingoje nyuma ya semina na magari.

Kuna kosa jingine linalozaliwa na kuchelewa. Mbegu inayofaa pwani ni kama PH4, iliyokusudiwa nchi ya chini yenye joto, ambayo hukomaa kwa miezi mitatu na ushei. Anayeagiza dakika za mwisho huletewa kilichobaki ghalani. Mbegu ya bara kama H614 huchukua miezi mitano hadi saba na inataka nchi ya juu yenye baridi. Kuipanda Adu ni kufuga jani.

Halafu kuna suala la pakiti ya kilo 2, ambapo mwanasiasa na mkulima ndani ya mtu mmoja hugombana. Ekari moja ya mahindi, kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 25, punje moja kila shimo, inataka kilo 10. Tuseme wadi imepata tani 10. Kilimo kinasema ziwape kaya 1,000, kila moja ekari nzima. Kura zinasema zigawe pakiti moja moja ya kilo 2, kaya 5,000 zipokee, picha 5,000 zipigwe. Pakiti hiyo inapanda moja ya tano ya ekari. Mkulima ataichanganya na mbegu yake ya zamani, zitachavushana, na mwakani hana hii wala ile. Upande wa pili nao una hoja: kuchagua kaya 1,000 katika wadi ni kuwatia uhasama wengine, na orodha ikishaundwa, jamaa za wenye orodha hutangulia. Njia ya katikati ni kuzungusha vijiji kwa miaka mitano, na orodha ya miaka yote ibandikwe mapema. Wachache huthubutu, kwa sababu kijiji cha mwaka wa tano hakiamini kwamba zamu yake itafika.

Trekta za ruzuku zina hesabu ya aina hiyo hiyo. Yenye jembe la sahani tatu hulima ekari sita au saba kwa siku, ikiwa dizeli ipo. Msimu wa siku 25 ni kama ekari 150 hadi 175. Kwa wadi nzima, hilo ni tone.

Tukirudi kwenye asili, kuna swali ambalo halipigiwi makofi: mkulima yupi? Rais William Ruto alijinadi kama mtoto wa wakulima wa Sugoi aliyeuza kuku kando ya barabara. Alipoingia madarakani Septemba 2022, gunia la mbolea la kilo 50 likashushwa kutoka shilingi 6,500 hadi 3,500, na 2023 likafika 2,500. Kwa mahindi ya Bonde la Ufa huo ni msaada wa maana, hata baada ya aibu ya mbolea bandia ya 2024. Ganda na Jilore mbolea ya dukani hutumiwa kwa uchache, na utajiri wa konde umesimama kwenye miti: mnazi, mkorosho, mwembe. Sera ya mtoto wa mahindi humpita mtoto wa minazi bila nia mbaya.

Mnazi wenyewe hauna urafiki na uchaguzi. Ule mrefu wa kwetu huzaa baada ya miaka sita hadi minane. Muhula ni mitano. Ekari inachukua miche 50 kwa nafasi ya mita 9. Mche uliopandwa Aprili hufa Februari ya kiangazi cha kwanza usipotiliwa maji, ama huliwa na mchwa mizizini, ama mdudu aitwaye chonga hutoboa kitovu chake. Anayegawa miche leo atakuwa amewapa nazi wapiga kura wa mwingine. Ndiyo maana vifaranga hugawiwa kwa urahisi zaidi.

Ruto huyo huyo, akiwa waziri wa kilimo mwaka 2009, alipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, na hapa pwani mjadala wake haujaisha. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichojengwa miaka ya sabini, kilikuwa kimeanguka miaka ya tisini, na wenye kubangua walilia kwamba malighafi inapelekwa ng'ambo. Marufuku iliwalinda. Mkulima kwa upande wake akabaki na wanunuzi wachache, na wanunuzi wakiwa wachache bei huamuliwa na dalali. Dalali hatoki tu msimu wa kuokota, Novemba hadi Februari; hutangulia mti ukiwa kwenye maua, akaununua mzima kwa mwenye shida ya karo. Mti uliouzwa mauani hakuna anayejisumbua kuunyunyizia salfa dhidi ya ukungu, maana faida si yake. Kwa maoni yetu, marufuku bila mnunuzi wa uhakika ilimsaidia mwenye kiwanda kuliko mwenye mti, ingawa kuifuta ghafla kungewatupa nje wabanguaji waliowekeza kwa kuiamini.

Mipaka ya cheo nayo itajwe, maana watu huwadai viongozi wasichokuwa nacho. Katiba ya 2010 imeipa kaunti kilimo cha mimea na mifugo. Sera imebaki Nairobi. Mwakilishi wadi hupitisha bajeti na kukagua, na sheria inamkataza kushika kazi za utekelezaji, kwa hiyo anayegawa mbegu kwa mkono wake amevuka mstari. Hati ya shamba haitoki kwake wala kwa gavana. Hiyo ni kazi ya wizara ya ardhi. Maskwota wa Magarini wameahidiwa hati na kila ngazi, hata zisizo na mhuri. Na asiye na hati hapandi mnazi kwa moyo, asijue nani atakuja kuuangua.

Mpango wa Septemba, ambao ndio unaoamua kama mbegu zitafika Machi au Mei, hukusanyiwa maoni Julai na Agosti. Huo ndio wakati mahindi yanavunjwa na nyani wanafukuzwa mashambani tangu alfajiri. Mkutano ukiitwa mjini Malindi saa tatu asubuhi, siku ya kazi, watakaojaza viti ni wenye semina.