Ibrahimu, Shakahola na Kierkegaard anayesingiziwa

Idd el-Hajj ikikaribia, kisa cha Nabii Ibrahimu hurudi kwenye baraza za Mji wa Kale, na tangu mwaka 2023 Shakahola haikosi kutajwa pamoja nacho. Katika msitu ule wa Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewataka wafunge mpaka kufa ili wamwone Yesu. Ndiyo maana Søren Kierkegaard, mwanafalsafa wa Denmark aitwaye baba wa udhanaishi, aliyeandika katika kitabu chake cha mwaka 1843 juu ya Ibrahimu kwamba imani yaweza kuyaweka maadili kando kwa muda, analaumiwa kuwa aliwafungulia mlango wahubiri wa aina hiyo.

Lawama hiyo ina uzito. Mwanafalsafa Mjerumani Kant alishasema mwaka 1798: kwamba nisimuue mwanangu ni yakini; kwamba sauti inayoniamuru ni ya Mungu, si yakini. Mwanafalsafa Mfaransa Sartre naye, Paris 1945, akasema hata malaika akinijia, mwenye kuamua kuwa ni malaika ni mimi.

Lakini Kierkegaard anasomwa nusu. Katika kitabu hicho yumo mtu aliyekosa usingizi, aliyesikia mahubiri ya Ibrahimu Jumapili akarudi nyumbani kumchinja mwanawe. Mhubiri yuleyule anamkimbilia na kumfokea: shetani gani amekuingia? Kierkegaard anamgeukia mhubiri: kama ni shetani, Jumapili ulimsifu Ibrahimu kwa lipi? Sisi tunasimulia tukijua mnyama wa fidia atashushwa, kisha tunagawana mafungu ya nyama. Ibrahimu alisafiri siku tatu bila kujua.

Tena masharti yake ni magumu. Ibrahimu ampende mwanawe kupita kiasi. Akimchukia, amekuwa Kaini. Kimaadili tendo lile ni mauaji, na neno hilo halilainishi. Na mwenye imani ni shahidi, kamwe si mwalimu: hana wafuasi wa kuwaamuru. Sharti hilo peke yake linaifungia Shakahola mlango.

Ninapoachana naye ni kwenye kimya. Ibrahimu wake hamwambii mtu, hata mwana. Katika Surat As-Saffat, baba anamweleza mwanawe ndoto na kumuuliza: waonaje? Mwana anajibu mwenyewe. Sauti na kisu vinaingiliwa kati na mtu wa pili, tena yule ambaye shingo ni yake. Naona hilo linapita chochote alichokiandika Kierkegaard kuhusu upweke wa imani, ingawa ridhaa ya mwana haithibitishi sauti ni ya nani, na Kant bado anadai jibu lake.