Skrini ya nje inanimaliza

Yaani jamani, laptop ya zamani, walioiunda wameshaacha kuitolea apdeti, ukaipachika mfumo endeshi mpya kwa njia isiyo rasmi, skrini yake yenyewe iko poa kabisa ila ukichomeka tu kebo ya HDMI monita inawaka kidogo halafu giza. Na kila apdeti ikiingia inafuta draiva za kadi ya picha zilizopachikwa, yaani zile programu zinazoifanya kadi ifanye kazi, unaanza upya! Ukiuliza watu, badilisha kebo. Kebo hiyohiyo kwenye mashine nyingine picha safiii.

Kinachoniudhi zaidi ni milango ya USB-C, kwa macho yote sawa, kumbe mwingine unapitisha chaji na data tu, video haupitishi, na alama mara nyingi hawaweki. Si wachore tu hapo pembeni?