Kanuni za zamani chini ya sheria mpya: nani abebe mzigo?

Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kanuni za magari ya abiria zilizotangazwa mwishoni mwa 2013. Sababu kubwa haikuwa ubaya wa kanuni zenyewe. Sheria ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa sheria ndogo, yaani kanuni ambazo mawaziri hutunga chini ya sheria za Bunge, inamtaka waziri ahakikishe kanuni zake zimefika bungeni ndani ya siku saba za vikao tangu zichapishwe, la sivyo zinakoma. Hazikufika.

Kesi ile ilihusu kanuni mpya, na mpya hazina utata mkubwa: anayezitunga anajua masharti kabla hajashika kalamu. Shida iko kwa zile zilizotungwa chini ya utaratibu wa zamani, na hatima yake huamuliwa na masharti ya mpito, yaani zile kurasa za mwisho ambazo wabunge wengi huzipitisha huku wakitazama saa.

Australia ililitatua jambo hili kwa ukali. Sheria yao ya 2003 ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2005, ikaanzisha rejesta ya wazi ya sheria ndogo za serikali kuu. Sheria ya pili, iliyopitishwa sambamba nayo, ikafuta ile ya 1903 ya uchapishaji wa kanuni na kurekebisha sheria nyingine zilizoguswa. Kanuni za zamani nazo zilipaswa kuandikishwa: zilizotungwa kuanzia 2000 zilipewa takriban mwaka mmoja, za kabla ya hapo takriban mitatu. Ambayo haikuandikishwa kwa wakati ilipoteza nguvu na kuhesabiwa imefutwa.

Wanaoutetea ukali huo wana hoja nzito. Mtu hawezi kutozwa faini kwa kanuni iliyolala kwenye kabati la wizara, asiyoweza kuisoma yeye wala wakili wake. Bila tishio la kufutwa, ni ofisa gani angepekua majalada ya miaka 40? Upande wa pili unauliza: mzembe ni ofisa, kwa nini aumie mwenye leseni? Kanuni ikifa, vibali vilivyotolewa chini yake vinasimama juu ya nini? Na aliyevunja masharti ya usalama anapata mwanya wa kuchomoka mahakamani.

Kwenye uandikishaji nasimama na Waaustralia, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya karani: tafuta, nakili, wasilisha. Muda ulitosha.

Ukomo wa miaka 10, ambapo kanuni hufa yenyewe muda huo ukiisha isipotungwa upya, ni habari nyingine, nao upo Australia na Kenya pia. Nia ni njema, kanuni zisizeeke bila kuangaliwa. Lakini kuitunga upya kanuni ya viwango vya chakula au usalama wa mitambo kunahitaji wataalamu, maoni ya wananchi na tathmini ya gharama. Kanuni nyingi zikifikia ukomo kwa pamoja, wizara hunakili ile ya zamani, ikabadilisha tarehe na kuiita mpya. Australia yenyewe iliuona mrundikano ukija, na mwaka 2012 Bunge likarekebisha tarehe za ukomo ili kanuni zisianguke zote kwa mkupuo. Kenya inaruhusu nyongeza isiyozidi miezi 12, ambayo kwa kanuni nzito ni kidogo mno.

Ndiyo maana adhabu moja haiwezi kufaa makosa yote. Kutokuandikisha kufute kanuni. Kuchelewa kuipitia kumpeleke waziri mbele ya kamati ya Bunge ajieleze, huku kanuni ikiendelea kufanya kazi kwa muda unaojulikana. Tanzania, kwa mfano, ina kamati ya kudumu ya sheria ndogo. Mwaka wa tisa ungekuwa wakati mzuri wa kumwita waziri, kabla saa haijaisha.

Vyovyote iwavyo, yaliyokwisha kutendwa lazima yalindwe kwa maneno ya wazi. Sheria ya Kenya inasema hivyo kwa kanuni isiyowasilishwa bungeni: yaliyofanyika kabla ya kubatilika hayaguswi. Inayosumbua ni kesi iliyokwisha kufunguliwa ambayo haijaamuliwa, na hiyo mwandishi wa muswada asimwachie hakimu aikisie.