Krediti za chuo ukiwa bado haiskuli: AP ina sifa, lakini tupige hesabu

Ukifika msimu wa kuchagua masomo, nyumba za Waswahili hapa Columbus, Ohio, huwa na mjadala uleule. Mtoto analeta karatasi: mwakani achukue AP (Advanced Placement), yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa hukohuko haiskuli, au aingie College Credit Plus, mpango wa jimbo unaomruhusu mwanafunzi wa haiskuli kusoma masomo ya chuo? Wazazi wengi tunajibu AP kabla hatujamaliza kusoma karatasi. Tumeshasikia kwamba AP ni ya watoto wenye akili. Chuo cha jamii (community college), ambako masomo ya College Credit Plus husomwa mara nyingi, tunakiona kama shule ya kata, pa kwenda ukikosa nafasi kwingine.

Nadhani tunakionea.

AP tuipe haki yake. Mtaala ni mmoja nchi nzima, mtihani wa College Board, shirika linaloendesha AP, hufanywa Mei, alama ni 1 mpaka 5, na vyuo vya umma vya Ohio hutoa krediti, yaani pointi za masomo zinazohesabiwa kwenye shahada, kuanzia alama 3. Familia ikihamia Texas, alama inamfuata mtoto na inaeleweka. Anayelenga vyuo vyenye majina makubwa anaonyesha kwamba hakukimbia masomo magumu. Ila hata huko tuwe macho: Dartmouth iliacha kutoa krediti za AP kuanzia kundi la wahitimu wa 2018. Unaweza kuruka somo la utangulizi, lakini idadi ya masomo unayotakiwa kumaliza iko palepale.

Kinachonikera hasa ni imani kwamba AP ni mizani isiyodanganya. Mwaka 2023, katika AP ya historia ya Marekani, waliopata 3 au zaidi walikuwa kama asilimia 48. Mwaka 2024 wakawa kama asilimia 72. Vijana wa Marekani waliipenda historia ghafla ndani ya miezi 12? Wapi! Kilichobadilika ni namna ya kupanga alama. College Board inajitetea kwamba njia mpya inategemea takwimu nyingi zaidi za vyuo, na huenda ni kweli. Basi yule aliyepata 2 mwaka 2023, akaenda kulipia somo hilo chuoni, kosa lake lilikuwa nini zaidi ya kuzaliwa mapema mwaka mmoja? Swali hili silimalizi, kwa sababu watoto wetu wengi wamejifunza Kiingereza wakiwa wakubwa, wengine wametoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu juzi tu, na mtihani ule una insha za kuandikwa mbiombio huku saa inakwenda. Kazi ya mwaka mzima inapimwa kwa saa chache.

Chuoni, kwa njia ya College Credit Plus, kuna muhula. Kuna majaribio, kazi za kila wiki, insha inayorudishwa na wino mwekundu uirekebishe. Mtoto anayeanza vibaya Septemba ana nafasi ya kujikwamua kabla ya Desemba. Na mwanafunzi wa shule ya umma akisoma katika chuo cha umma, familia hailipi ada wala vitabu. Mpango umekuwa hivyo tangu ulipoanza mwaka wa masomo 2015/16. Somo la kawaida lina krediti 3. Masomo 10 ni krediti 30, yaani mwaka mzima wa chuo umekwisha kabla mtoto hajavaa joho la haiskuli. Kwenye GPA, yaani wastani wa alama za haiskuli, sheria inataka masomo hayo yapewe uzito uleule wa AP ya fani hiyo. Mama anayefunga maboksi ghalani usiku kucha anajua vizuri ada ya mwaka mmoja ni zamu ngapi.

Ubaya upo, na si mdogo. Alama za chuo hazifutiki. Mtoto wa miaka 15 akipata F, hiyo F itakuwepo wakati anaomba msaada wa masomo, na akiomba shule ya udaktari atatakiwa kuorodhesha kila somo la chuo alilosoma, hata la haiskuli. Wilaya ya shule inaweza pia kudai irudishiwe gharama za somo aliloangusha, ingawa familia za kipato cha chini zina kinga. Na chuo binafsi au cha nje ya jimbo kinaweza kuzikataa krediti zile.

Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Uvira, alinijia na fomu ya kijana wake anayeota udaktari. Tukakaa mezani, chai ya tangawizi katikati, kijana akitutafsiria pale Kiingereza cha fomu kilipotushinda. Tukakubaliana kemia aichukue AP shuleni, maana alama ya mtihani ikiwa mbaya halazimiki kuituma popote. Uandishi na saikolojia avichukue chuoni. Nilidhani tumemaliza. Mama akaigeuza fomu, akaangalia upande wa nyuma, akauliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa.

"Ndugu yangu, saa nane za mchana mimi niko kazini. Huko chuoni atafikishwa na nani?"

Tukaiweka fomu pembeni, tukafungua ratiba ya basi.