Kifurushi kisimngoje mtu mmoja
Eti kumruhusu mtu wa kujitolea asasishe kifurushi cha programu anachosimamia mwenzake ni kumfungulia mwizi mlango? Sikubali. Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea, huruhusu hilo, na si kiholela: marekebisho hubandikwa kwenye ripoti ya hitilafu, kisha kifurushi huweza kuwekwa foleni hadi siku 15, mwenyewe asiporidhika akakiondoa. Hata namba ya toleo, 2-1, huwa 2-1.1, ionekane mkono mwingine umepita. Na ule msimbo wa hila uliogunduliwa 2024 ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, haukuingizwa na mpita njia bali na mtu aliyekwisha kukabidhiwa usimamizi, baada ya msimamizi pekee kuelemewa. Hapa Malindi kompyuta kuukuu za darasa letu zinatumia Debian; printa ilipogoma, rekebisho lililotuokoa halikutoka kwa mwenye kifurushi. Wenzangu mnaofundisha Lamu, kwenu ikoje?